Moja Haipimwi Mara Mbili

Sikio la kushoto la mtoto halisikii, na daktari amesema halitasikia tena. Ana miaka saba. Hakuanguka, hakupigwa, wala hakuna aliyemtakia mabaya. Baba yake alipokea karatasi ya shule, akaisoma, akafurahi, akatia alama ya vema kwenye kisanduku ambacho hakutakiwa kukigusa. Basi. Mengine yote ni maelezo.

Baba mwenyewe anafanya kazi kwenye yadi ya mbao, na pale yadini wanamwita Jicho. Jina hilo hakupewa kwa utani. Lori likishusha mzigo, mbao hupita mezani kwake moja baada ya nyingine. Huutazama ubao, huugeuza, hupitisha kiganja juu yake taratibu kama mtu anayempapasa ng'ombe, halafu huandika namba kwa chaki ya bluu kwenye ncha. Moja ni ubao ulionyooka, mkavu, usio na fundo wala ufa. Huo huenda kwa mafundi wa milango na makabati. Mbili una kasoro ndogo. Tatu hupelekwa darini, mahali ambapo hakuna atakayeuona. Nne ni wa kupigia makasha, na ukikosa mteja unakuwa kuni.

Pale mezani kulikuwa na sheria moja, na yeye ndiye aliyeiweka. Ubao wa mbili au wa tatu ukitiliwa shaka, urudishwe upimwe upya. Ubao wa moja haurudishwi. Jicho akishaandika moja, imekwisha. Kwa miaka kumi na tisa hakuna fundi aliyewahi kurudi na ubao wake mkononi kulalamika.

Shule aliiacha akiwa mdogo, mwaka baba yake alipovunjika mgongo, akaanza kubeba mbao kabla hajaota ndevu. Kusoma anajua, ila husoma polepole, kidole kikifuata mstari, na akifika chini ya ukurasa ameshasahau cha juu. Kwa hiyo nyumbani karatasi zote zilikuwa za mkewe, ambaye hufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Bili, kadi za kliniki, barua za shule. "Weka hapo mezani, mama yako akija atasoma," ndivyo alivyozoea kumwambia mtoto. Alisema huku akicheka. Lakini kila alipolisema neno hilo lilimchoma kidogo, kama kibanzi kilichoingia chini ya ukucha.

Mtoto walimwita Mchwa. Tangu aote meno hakuna penseli, mguu wa kiti wala ukingo wa meza aliouacha salama. Alipenda kuchomeka penseli nyuma ya sikio kama baba yake, na kuizunguka nyumba akigonga milango na kusema, "Hii mbili! Hii tatu! Hii kuni!"

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kelele. Hawakugombana, walipaza sauti tu. Mtu aliyekaa karibu miaka ishirini jirani na msumeno wa umeme hasikii vizuri, basi Jicho aliongea kwa kupaza sauti, mkewe akamjibu kwa kupaza sauti, redio nayo ikawa juu ili isishindwe. "Eh?" lilikuwa neno lao la kila dakika. Kwa hiyo Mchwa naye alipoanza kusema "Eh?" na kugeuza kichwa upande, hakuna aliyeshtuka. Walicheka.

"Mtoto wa baba yake huyo," mama alisema. "Hata uziwi karithi!"

"Eh?" Jicho akajibu makusudi, wote watatu wakacheka tena.

Halafu sikio la kushoto likaanza kutoa maji. Mama akanunua dawa ya matone, maji yakakauka wiki moja, yakarudi, na safari hii yalikuwa na harufu. Mama akalinusa lile sikio, akakunja uso. "Jumamosi nampeleka hospitali," alisema. "Nimeshaomba ruhusa kwa msimamizi. Jumamosi, hata mvua inyeshe."

Karatasi ikaja Alhamisi.

Siku hiyo umeme ulikatika yadini, Jicho akarudi mapema, akamkuta Mchwa amekaa kizingitini na begi mapajani. Ndani ya begi kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Zilikuwa matokeo ya mtihani ule mkubwa ambao watoto wote wa darasa la pili hufanya siku moja, maswali yale yale kila shule, mwalimu akisoma maelekezo kwa sauti, mara moja tu, bila kurudia.

Jicho alikuwa karibu kusema, "Weka hapo mezani." Lakini macho yake yalishatua kwenye karatasi ya kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona karatasi ya shule inayosomeka. Lilikuwa jedwali. Kushoto masomo, kulia namba. Kusoma, 1. Kuandika, 1. Hesabu, 1. Kusikiliza na kufuata maelekezo, 1. Na pale juu palikuwa na maneno machache: viwango vinaanzia 1 hadi 4.

Moja hadi nne! Nani angemfundisha yeye habari ya moja hadi nne?

"Mchwa! Hii yako?"

"Eh?"

"Hii karatasi! Ni yako wewe?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa, macho yako miguuni.

"Moja kila mahali?"

Akaitikia tena. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Baba akaona ni haya za mtoto aliyefanya vizuri. Akamnyanyua, akamkalisha mabegani, akatoka naye uani akicheza, mtoto amemshika nywele kwa mikono miwili. Wakampita fundi cherehani wa nyumba ya pili.

"Vipi, baba Mchwa, umeokota nini?"

"Sijaokota, nimezaa! Mtoto kapata moja! Nne zote moja!"

"Hongera, jamani! Mlete nimshonee gauni!"

Kule juu mtoto akaanza kucheka. Alianza pole pole, kama asiyeamini, halafu akacheka sana.

Walipotulia, Jicho akafunua karatasi ya pili. Hiyo ilikuwa maneno matupu, mistari imesongamana. *Mzazi mpendwa, kutokana na matokeo ya mtoto wako* ... akaruka. *Masikio na macho* ... akaruka. *Madaktari watafika shuleni* ... Chini kabisa kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa: nakubali mtoto wangu achunguzwe zaidi. Kingine: naona mtoto wangu hahitaji uchunguzi zaidi. Chini yake, nafasi ya sahihi ya mzazi.

Hakufikiri hata kidogo. Mtoto amepata moja, arudishwe mezani kufanya nini? Moja haipimwi mara mbili. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akatia vema kwenye kisanduku cha pili, vema nene, nzuri, akasaini kwa herufi kubwa. Karatasi ya pili akairudisha kwenye begi kwa ajili ya mwalimu. Ya kwanza akabaki nayo.

Mkewe alirudi jioni, miguu imevimba, akaketi na kuitumbukiza kwenye beseni la maji. Jicho akasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri kuimbishwa.

"Leo nimesoma karatasi ya shule."

"Wewe?"

"Mimi. Nimesoma, nimesaini, nimemaliza."

"Yote?"

"Yote," alisema, na huo ulikuwa uongo. "Tazama."

Akamwonyesha bila kuiachia. Mama akaona moja zote nne, moja chini ya nyingine. Enzi zake shuleni moja ilikuwa ya yule aliyeitwa mbele akapewa daftari jipya. Akamtazama mumewe, akauona uso ule, uso ambao hakuwa ameuona tangu siku mtoto alipozaliwa. Angeweza kusema, "Lete hiyo karatasi niisome." Hakusema. Aliona ni aibu kumnyang'anya.

Aliuliza neno moja tu. "Na hiyo ya kusikiliza?"

"Moja vile vile."

Akapumua. "Basi sikio halina neno. Nilikuwa nahangaika bure. Ni mafua tu hayo."

Jumamosi hakwenda hospitali. Alilala mpaka saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili. Jicho akapika chai, akaandika namba moja kubwa kwa chaki ya bluu nyuma ya kiti cha Mchwa, na tangu hapo mtoto hakukubali mwingine akikalie.

Ile karatasi akaipeleka yadini, akaigongomea ukutani juu ya meza yake kwa misumari miwili. Yule anayeendesha msumeno, ambaye wote humwita Msumeno tu, akaja kuitazama.

"Jicho, huyu mtoto umemwiba wapi? Maana kichwa chako mimi nakijua. Nne. Makasha."

"Kamfuata mama yake."

"Ashukuriwe mama yake. Siku wewe ukizaa wa kwako, tutamwona tu."

Walicheka, na kila mteja aliyefika mezani alionyeshwa. Karatasi ikakaa pale wiki kwa wiki, ikashika vumbi la mbao, sehemu ya chini ikafunikwa kabisa.

Madaktari walifika shuleni siku nane baada ya ile sahihi. Watoto ambao wazazi wao walikubali walipanga foleni nje ya ofisi. Mchwa alibaki darasani akichora. Sikio lilikauka, likatoka maji tena, likakauka. Mama alinunua matone mengine. Mara mbili mtoto aliamka na maumivu ya kichwa, akapewa kidonge, akaenda shule.

Wiki ya kumi na tatu, mwalimu wa darasa alifika yadini kuchagua mbao za rafu ya vitabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na pale karibu na msumeno ilibidi arudie kila neno. Jicho alimtambua akamvutia kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mwalimu wetu! Wewe leo utachukua moja tupu. Mbili sikupi."

Mwalimu alikuwa ameinua uso, anatazama ukutani. Akaikaribia karatasi. Alipogeuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Mzazi," alisema, "mbona umemwanika mtoto hivi?"

"Eh?"

"Nasema mbona umemwanika? Hata kama amekuudhi. Mbele za watu wote hawa?"

Jicho akacheka, maana alidhani hajasikia vizuri. "Kumwanika? Mwalimu, si moja hizo? Moja kila mahali!"

 Mwalimu alimtazama yule mtu, kisha akatazama ile chaki ya bluu mkononi mwake, na zile mbao zilizopangwa, moja huku, nne kule mlangoni pa kuni. Akaelewa. 

"Baba Mchwa," alisema, akiacha kumwita mzazi, "moja ni ya chini. Nne ndiyo ya juu."

"Haiwezekani."

"Imeandikwa. Hapo chini."

Jicho akapitisha kidole gumba kwenye vumbi, kama anavyopapasa ubao. Yakatokea maandishi madogo. Akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikitembea. "Moja. Mtoto hajafikia kiwango. Mbili. Anakaribia. Tatu. Amefikia. Nne. Amevuka." Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akasoma tena, huenda namba zingejipanga upya.

Msumeno alikuwa amezima mashine. Wote pale walikuwa wanasikia.

"Tuliwaandikia," mwalimu aliendelea, na sasa sauti yake ilitosha. "Karatasi ya pili. Nilimwona darasani, nikimwita kutoka kushoto haitiki. Kwenye mtihani alikuwa anaangalia midomo yangu, nikigeuka ubaoni anapotea. Nikaomba achunguzwe masikio. Wewe ukakataa."

"Mimi sikukataa."

"Umetia vema hahitaji. Nilidhani umekasirika. Wapo wazazi wanaokasirika, wanatuambia tunawaita watoto wao viziwi." Akashusha macho. "Nikakuacha. Ningekuja nyumbani. Sikuja."

Hakuna aliyecheka, hata Msumeno. Yeye ndiye aliyechukua nyundo, akang'oa misumari miwili taratibu, akaikunja ile karatasi na kuitia kwenye mfuko wa shati la Jicho. "Nenda nyumbani, kaka," alisema. "Meza nitaishika mimi."

Alimkuta Mchwa amekaa kwenye kiti chake, ameupa mlango mgongo, anachora. Jicho akaenda kwa nyuma, akasimama upande wa kushoto. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo ndani ya nyumba ile haikuwahi kutumika:

"Mchwa."

Penseli iliendelea kutembea.

"Mchwa. Mama."

Aligeuka pale tu kivuli cha baba kilipoangukia karatasi. Akafurahi kumwona. Jicho akapiga magoti, akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya mchoro.

"Ulijua hii moja ni ya chini?"

Mtoto akaitazama karatasi, akatazama midomo ya baba yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Ulijuaje?"

"Rafiki yangu alipata nne, tukampigia makofi. Mimi sikupigiwa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akainama. Alianza kutafuna penseli, akaiacha.

"Ulikuwa umenibeba," alisema. "Nikaogopa utanishusha."

Mama aliporudi aliambiwa yote, mlangoni, kabla hajavua viatu. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akapewa karatasi, akaisoma mpaka chini. Kisha akasema, "Na mimi niliuliza. Niliuliza ya kusikiliza." Akairudia sentensi hiyo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, halafu akaenda kutafuta kadi ya kliniki.

Hospitali waliwahi asubuhi iliyofuata. Daktari aliingiza kitaa chake sikioni, akatazama, akaagiza picha. Siku mbili baadaye wakampasua mtoto ili kuokoa kilichobaki, maana ugonjwa ulikuwa unatafuta njia ya kichwani. Alipotoka, daktari aliwakalisha. Alikuwa kijana, na alikuwa mpole kupita kiasi, kama watu wanaobeba habari mbaya kila siku.

"Kichwa kimesalimika. Hilo mshukuru," alisema. "Lakini usaha umekula vifupa vya ndani, ukaingia mpaka kwenye kiini cha kusikia. Kushoto hakuna kitu tena. Hata kifaa hakitasaidia."

"Tungekuja mapema?" mama aliuliza.

Daktari akafunua jalada, ingawa alishalisoma.

"Wenzangu walikuja shuleni kwake. Siku ile pengine kulikuwa na maji na uvimbe tu. Tungesafisha, tungeziba. Angekuwa anasikia."

Jicho aliuliza, "Siku ile ilikuwa lini?" Akatajiwa tarehe. Akahesabu kwa vidole, hakuna aliyemwuliza anahesabu nini.

Mchwa aliporudi nyumbani alikuwa amefungwa bendeji nene. Alijaribu kuchomeka penseli pale, ikaanguka. Akaihamishia kulia. Siku hizi anageuza shingo kwanza, ndipo anajibu. Nyumba imekuwa kimya, redio haifunguliwi, na mama na baba huongea kwa zamu, wakimtazama usoni. Chaki nyuma ya kiti Mchwa aliifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye maji. 

Yadini Jicho sasa anarudisha mezani kila ubao. Wa moja anaugeuza mara tatu, mara nne, anaupapasa, anaweka pembeni, anauchukua tena. Malori yanasubiri. Wateja wananung'unika. Msumeno hawaruhusu wamseme. Lile jina la Jicho limekufa lenyewe. Wanamwita baba Mchwa.

Hesabu ni hii. Kutoka sahihi mpaka kitanda cha hospitali, siku themanini na nane. Madaktari waliompita mtoto darasani akichora, watatu. Vifupa vilivyoliwa, vitatu, vyote vitatu ukivipanga havijazi ukucha wa kidole kidogo. Mwaka mmoja wa shule, anaurudia sasa, amekaa dawati la mbele, kushoto kabisa, ili sikio zima lielekee kwa mwalimu. Jumamosi moja ya usingizi, ambayo mama yake hajaweza kujisamehe. Sikio moja.

Na kubebwa mabegani. Alikuwa anaomba karibu kila jioni. Tangu siku baba aliporudi na ile karatasi mfukoni hajaomba hata mara moja, na baba yake anaogopa kuuliza.